Sanduku la Kipaimara

Mwaka Xavery alipovuna kahawa yake ya kwanza akaishia kubaki na suruali, Hilaria ndiye aliyekosa usingizi, na wala kahawa haikuwa yake. Ilimkera tu. Ilimkera asubuhi akichota maji, ikamkera jioni akisonga ugali, na kila alipomwona yule kijana akipita na bugaluu lake, miguu ya suruali mipana inafagia vumbi la njia, alitamani amvue palepale barabarani.

Xavery alikuwa mtoto wa jirani yake, Walburga. Katika kijiji chao, huko juu kwenye milima ya Mbinga, kijana akivunja sauti baba yake humkatia kipande cha mibuni. Anapalilia mwenyewe, anavuna mwenyewe, anauza mwenyewe kwenye ushirika, na hapo ndipo anapoanza kuhesabiwa mtu. Xavery alikatiwa cha kwake. Kabla ya mavuno akapata kipaimara, na msimamizi wake, baba yake wa kiroho kanisani, Mzee Bartholomayo, akamzawadia ile suruali nje ya kanisa, watu wote wakiona. Kijana akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akasema asante baba. Kahawa ilipokauka, Mzee Bartholomayo akaja na wachukuzi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ile suruali ilikuwa magoma.

Magoma kila mtu aliyajua. Ni ile biashara ya kununua kahawa ingali maua mtini: mtu anakupa kitu kidogo leo una shida, na mavuno yakija anabeba magunia yako yote. Mikutano ya kijiji iliyalaani magoma mpaka watu wakakauka koo. Lakini zawadi ya msimamizi kugeuka magoma, hilo lilikuwa jipya. Na hakuna aliyefungua mdomo! Baba yake Xavery mwenyewe ndiye aliyesaidia kufunga magunia na kamba.

Hilaria alimfuata Walburga jikoni kumwuliza wamelogwa au vipi. Walburga akamjibu, macho yake yakiwa kwenye moto, kwamba mtoto alipokea. Alipokea kwa mikono miwili, mbele ya kanisa. Ukishapokea kitu cha mkubwa, unakirudisha kwa uso gani?

Hilaria hakuzaliwa mlimani. Alizaliwa chini, Lundo, kwa wavuvi wa ziwani, na huko kwao ukinunua samaki unamfunua mashavu mbele ya mwenyewe, unamnusa, unamkosoa, na mwenyewe hakasiriki. Ndiyo biashara. Fulgence alipomwoa na kumpandisha milimani, wakwe walimwona ana mdomo. Wakamwita Mnyasa wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Hata hivyo mdomo huohuo ndio uliomfanya achaguliwe balozi wa nyumba kumi, maana palipokuwa na ugomvi wa mpaka au wa mbuzi aliyekula maharage ya watu, Hilaria alisema waziwazi nani ana makosa, kisha akaenda zake. Kwa hiyo mdomo wake waliuhitaji, ila hawakuupenda.

Fulgence alifariki akamwachia mtoto mmoja, Ignatio, na kipande cha mibuni karibu na kijito, kizuri kuliko vyote vya ukoo. Ignatio alikuwa darasa la saba. Mwalimu wake aliapa kwamba huyu akifanya mtihani, sekondari ya Songea inamwita. Na sekondari ilitaka nauli, blanketi, viatu, mashati, na mengine ambayo Hilaria alikuwa akiyapanga kichwani kila alipolala. Hakuwa na kaka wa mjini wala ng'ombe wa kuuza. Alikuwa na kahawa ya Ignatio. Ikienda kahawa, imekwenda na shule.

Sasa, mwaka huohuo wa darasa la saba, mwaka mmoja baada ya Xavery, Ignatio alikuwa anapata kipaimara. Na shemeji yake Hilaria, Evarist, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alikuwa ameshakwenda kumwomba mtu awe msimamizi wake. Amemwomba nani? Mzee Bartholomayo. Bila kumwuliza mama mtu hata neno.

Hilaria alikwenda kwa Evarist mbio, kanga inamdondoka. Akamkumbusha ya Xavery. Evarist alimsikiliza akimaliza kumenya muwa wake, kisha akamwambia kwamba mtoto ni wa ukoo, na kwamba mtu mwenye heshima zake akikubali kusimama na yatima, watu wenye akili hushukuru. Ya Xavery ni ya Xavery.

Ubaya wa Mzee Bartholomayo ulikuwa huu: hakuwa mbaya usoni. Kanisani alikaa benchi la mbele. Kwenye mikutano ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kuwalaani wanyonyaji na mirija yao, na akiitikisa ngumi utadhani atalia. Wakati wa njaa alipandisha samaki wakavu kutoka ziwani, akawapa watu kwa kuaminiana. Fulgence alipokufa, alishika jembe akachimba kaburi mpaka shati likalowa. Hilaria alilikumbuka hilo jembe, na lilimzidishia hasira, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa hadaiwi shukrani na mtu yule.

Alikwenda kwa katibu wa kijiji, Bwana Thabiti, kijana wa Kilwa aliyeletwa na serikali, ambaye alivaa makoti mawili kwa baridi ya kule na bado alitetemeka. Bwana Thabiti alimkaribisha chai, akamsikiliza vizuri. Akasema jambo hili ni la kushitakiwa kabisa. Alete mlalamikaji mmoja tu. Mmoja.

Hilaria akapita nyumba kwa nyumba. Wapi! Huyu anasema mambo ya kanisa hayapelekwi ofisini. Yule anasema Mzee Bartholomayo ni msimamizi wa wanawe watatu, atamshitakije mzazi mwenzake. Baba yake Xavery alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za kuku, habari za shamba, habari za magoti yake, na kila Hilaria alipogusa kahawa akarudishwa kwenye kuku. Alirudi nyumbani akapiga teke ndoo. Watu wazima, wenye ndevu zao, wanaibiwa na wanaona haya kwa niaba ya mwizi!

Basi, akaona awaache wakubwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Akawakusanya vijana waliokuwa wanajiandaa kwa kipaimara, jioni wakitoka shamba la kijiji, akawaketisha jikoni kwake na kuwapa mahindi ya kuchoma ili wasikimbie.

Aliwaambia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Kwamba mtu akikupa kitu ambacho hukumwomba, jiulize anakitafuta nini kwako. Kwamba akikuharakisha, ujue kuna kitu hataki ukione. Kwamba akisema hili ni letu wawili, mama asijue, basi hapohapo nenda kamwambie mama. Walikubali yote. Walitikisa vichwa vizuri sana. Kisha akasema, haya tujaribu, akachukua kikapu, akavimbisha tumbo, akatembea kama Mzee Bartholomayo, na akamnyooshea kikapu kijana wa kwanza. Mikono ikaruka juu. Yote miwili, na goti likaenda chini.

"Mikono chini!" akafoka.

Akamwendea wa pili. Goti, mikono, asante mama balozi. Wa tatu vilevile. Alipofika kwa Ignatio, mwanawe wa kumzaa, aliyemsikia akiimba wimbo huo kila siku, Ignatio naye akapokea kikapu kwa mikono miwili, kisha akakitazama kwa mshangao kama kimemwangukia kutoka darini. Wenzake wakacheka mpaka mahindi yakawapalia. Hilaria hakucheka. Alitaka kulia.

Akawafundisha maneno ya kusema, yenye adabu zake zote: Asante baba, ila naomba useme kwanza mbele ya watu, hii ni zawadi au nitailipa? Na mpaka ajibu, mikono ibaki mapajani. Wakayarudia na kuyarudia. Mmoja wao akainua kidole akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, itakuwaje baba yake akimchapa kwa kumhoji mkubwa. Hilaria akamwambia ale mahindi.

Siku ya kipaimara ikafika. Askofu alikuja, akawapaka mafuta, akaondoka na vumbi lake. Nje ya kanisa watu wakajazana, akina mama wanapiga vigelegele, na Mzee Bartholomayo akasimama katikati na zawadi zake. Mwaka huo alisimamia vijana wanne. Wa kwanza akapewa shati la maua. Hilaria alikuwa pembeni, ameuma pindo la kanga. Kijana akamtupia jicho moja la haraka, la kuomba radhi, na mikono ikapanda. Wa pili akapewa viatu vya raizoni, vyenye soli nene, akapokea. Wa tatu akapokea hata kabla hajajua anapewa nini.

Kisha Mzee Bartholomayo akafanya ishara, na kutoka nyuma ya kanisa likaletwa sanduku. Sanduku la bati, jipya, la kijani, na kufuli lake linaning'inia, na juu yake limeandikwa kwa rangi nyeupe: IGNATIO FULGENCE. Watu wakasema lo! Sanduku kama hilo ndilo wanalobeba wanafunzi wa sekondari. Hilaria mwenyewe, Mungu amsamehe, moyo ulimruka kwa kulitamani. Alishalipanga kichwani sanduku kama hilo mara nyingi, na kila mara alilifuta kwa sababu kahawa isingetosha.

Ignatio alipiga goti. Mikono ikabaki mapajani. Vidole vikabana suruali. Akasema, sauti yake nusu ya mtoto nusu ya mtu mzima:

"Asante, baba msimamizi. Naomba useme kwanza, baba, mbele ya watu. Hii ni zawadi, au nitailipa?"

Mzee Bartholomayo akacheka, cheko la mtu mwenye mapenzi, akawageukia watu akasema watoto wa siku hizi, baba anampa mwana, mwana anauliza bei. Watu wakacheka naye. Lakini jibu hakulitoa, na Ignatio akawa bado amepiga goti, anangoja.

Na hapo, jamani, ndipo Evarist alipojitosa. Alipenya katikati ya watu, uso umemwiva kwa aibu, akampita Ignatio, akapiga goti yeye, mtu mzima mwenye mvi, akalipokea sanduku kwa mikono miwili. Akashukuru kwa niaba ya ukoo. Akaomba mtoto asamehewe, kwani analelewa na mwanamke.

"Hajajibu!" Hilaria alipiga kelele. "Hajajibu bado!"

Ngoma ilikuwa imeshaanza kupigwa.

Sanduku halikuingia kwa Hilaria. Alisimama mlangoni akalizuia kama mbuzi mwenye upele, na Evarist akalipeleka kwake, akaliweka chini ya kitanda, akasema siku ya safari mtoto atakuja kulichukua. Walirushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje. Hilaria akamwambia shemeji yake kwamba sanduku mtoto amepata, cha kutia ndani ndicho hatakuwa nacho. Evarist akasema ile ni zawadi, kila mtu aliona ni zawadi, na mwenye kuoza ni moyo wa anayefikiri vingine. Tangu siku hiyo vijana hawakuja tena jikoni kwake. Wazazi waliwakataza. Ilisemekana Mnyasa anawafundisha watoto ujeuri, na waliosema ni walewale ambao kahawa yao ilikuwa imeshakwenda.

Wakavuna. Hilaria na Ignatio walichuma tangu umande, wakamenya, wakaosha kijitoni mpaka vidole vikajikunja, wakaanika, na mvua ikinusa tu walikimbia kufunika. Kahawa ikatoka safi. Ignatio alikuwa ameshafanya mtihani wa kujipima na mwalimu alikuwa anatabasamu peke yake njiani. Magunia yakasimama ndani ya nyumba, na Hilaria akaanza kulala.

Mzee Bartholomayo alikuja mchana, wanaume wa ukoo wakiwa kwenye sengu, pale wanapokula pamoja na kukata mashauri. Wachukuzi wake aliwaacha nje kwa heshima. Akakaribishwa, akanawa, akala. Alipomaliza akasema amekuja kwa habari ya kahawa ya mwanawe Ignatio, kwa sababu ya lile sanduku. Hakuinua sauti. Aliyepokea ndiye hulipa, alisema, ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu.

Hilaria alikuwa amesimama kwenye ua na bakuli la mboga mkononi. Aliweka bakuli chini akaanza kusema, kwa cheo chake cha ubalozi, lakini Evarist akamkatiza kwamba hapa ni sengu, wanawake hawasemi. Akamtazama shemeji yake kwa macho yake yote. Sema basi wewe, akamwomba kimoyomoyo. Sema ilikuwa zawadi. Uliapa kwangu ilikuwa zawadi. Ni neno moja tu.

Evarist alikuwa anatazama vidole vyake vyenye ugali.

Ndipo Ignatio akainuka kutoka kwa vijana. Akawaamkia wote shikamoo, wakaitikia. Safari hii sauti haikuvunjika.

"Baba msimamizi, mimi sikupokea. Watu wote waliiona mikono yangu. Aliyepokea ni baba mkubwa, na wewe mwenyewe umesema aliyepokea ndiye hulipa."

Mansuetus, mzee kuliko wote pale, ambaye kwa kawaida husinzia baada ya kula, akasema hilo ni kweli, mtoto hakupokea, alimwona. Kisha wote wakamtazama Evarist.

Na bado alikuwa na mlango wa kutokea! Bado angeweza kumgeukia yule mtu akamwambia, ulitoa zawadi, nenda zako. Wanaume wa ukoo wangemuunga mkono, walikuwa wengi, na siku ileile Bwana Thabiti angepata mlalamikaji wake. Hilaria alikuwa ameshika ua kwa mikono yote miwili, miiba inamchoma, hajui.

Evarist alinawa mikono taratibu. Akajipangusa. Akasema wachukuzi waje kwake.

Akatoa kahawa yake mwenyewe. Gunia baada ya gunia, mbele ya watu, kwa sanduku tupu, kwa sababu kumwambia mgeni aliyekwisha kula nao kwamba ni mwongo lilikuwa jambo lisilotamkika kinywani mwake. Afadhali alale njaa. Mzee Bartholomayo akashukuru, akaaga vizuri, akapita kumpa Hilaria pole ya kazi. Hilaria alimwitikia. Mpaka leo hajui kwa nini alimwitikia.

Kesho yake Hilaria alikwenda kwa Evarist pamoja na Bwana Thabiti, aliyevaa makoti yake mawili na kubeba karatasi ya mashitaka. Evarist hakutoka ndani.

Mwisho wa mwaka jina la Ignatio likaja. Kahawa yake ilinunua blanketi, viatu, mashati na nauli, ikabaki kidogo ya sabuni. Sanduku hakuna aliyelitaja. Hilaria alivitia vitu vyote kwenye gunia jipya la kahawa, akalishona mdomo kwa sindano ya mkeka. Siku ya safari walikwenda barabara kuu kungoja lori, na vijana walioketi pale wakacheka, mwanafunzi wa sekondari na gunia kama mchukuzi. Xavery, na bugaluu lake lililochanika goti, alicheka kuwashinda.

Evarist alikuwapo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, amekuja kumtazama mtoto wa ndugu yake akiondoka, lakini havuki. Ignatio akamwendea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Evarist alitazama mlima. Ignatio akangoja, akaamkia tena, kwa sauti zaidi kidogo. Hakuna marahaba. Katika nchi ile unaweza kumnyima mtu shamba, unaweza kumnyima chakula, na watu wakasema ni shida. Lakini mtoto anakuamkia na wewe huitikii! Lori likaja, likasimama, gunia likarushwa juu. Ignatio akarudi kwa mama yake, amemwinamia ili wengine wasisikie.

"Mama, afadhali ningepokea?"

Hilaria alikuwa na maneno mengi. Tangu azaliwe alikuwa nayo, na kwa siku zote zile jikoni alikuwa ameyamwaga bila kuchoka. Sasa alitazama ng'ambo kwa yule mzee mwenye shati la kiraka aliyepoteza kahawa yake yote ili mtoto huyu apande gari, na ambaye hatamsamehe kamwe kwa hilo, na akasikia hasira inampanda ambayo hakujua ampe nani.

"Hapana," akasema, kwa ukali hata utingo wa lori akageuka. "Hapana. Panda gari."

Akapanda. Lori likaondoka na vumbi likatulia. Wakabaki wawili, Hilaria na Evarist, kila mmoja upande wake wa barabara, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja.